Namba Tasa ya Euler Ndani ya Kompyuta Zetu

Mwaka 1811 Peter Barlow, mwalimu wa hisabati katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, Uingereza, alichapisha kitabu kuhusu tabia za namba. Alipofika kwenye 2,147,483,647 alitoa hukumu. Hiyo, aliandika, ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana, na namba nyingine maalumu inayojengwa juu yake huenda isipitwe kamwe. Sababu yake ilikuwa kwamba vitu hivi ni vya kustaajabisha tu, havina faida, kwa hiyo nani atajisumbua kutafuta vikubwa zaidi?

Barlow hakuwa mtu wa kubahatisha. Majedwali yake ya hisabati yalitumiwa na wahandisi kwa zaidi ya miaka mia moja. Lakini katika hili alikosea pande zote mbili. Namba kubwa zaidi zimepatikana kwa wingi, na namba aliyoiona haina kazi imo leo ndani ya karibu kila simu na kila kompyuta.

Isomwe polepole: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Anayehesabu namba moja kila sekunde, mchana na usiku bila kupumzika, ataifikia baada ya miaka 68. Lakini kuitengeneza ni rahisi. Andika 2 mara thelathini na moja, zizidishe zote kwa pamoja, upate 2,147,483,648, kisha toa 1. Wanahisabati huiandika 2³¹ − 1.

Namba tasa, kama darasani, ni ile isiyogawanyika bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Kujua kwamba 13 ni tasa hakuhitaji hata kalamu. Kujua kwamba namba yenye tarakimu kumi ni tasa ni kazi nyingine kabisa, na kazi hiyo ilikuwa imewashinda watu wengi hodari kabla ya mtu mmoja kuimaliza.

Hamu ya namba za sura hii ni ya kale. Wagiriki walipenda namba ambazo vigawo vyake, ukiacha yenyewe, vikijumlishwa huirudisha namba ileile. Mfano ni 6, kwa kuwa 1 + 2 + 3 = 6, na 28, kwa kuwa 1 + 2 + 4 + 7 + 14 = 28. Waliziita timilifu. Euclid alithibitisha kwamba kila mara 2ⁿ − 1 inapokuwa tasa, ukiizidisha kwa 2ⁿ⁻¹ unapata namba timilifu. Kwa hiyo kutafuta namba timilifu kukawa kutafuta namba tasa ambazo ni vipeo vya 2 vilivyopunguzwa moja: 3, 7, 31, 127.

Hapo pana mtego. Ili 2ⁿ − 1 iwe tasa, lazima n yenyewe iwe tasa, na wengi wakadhani hilo linatosha. Halitoshi. Namba 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 ni 2,047, na hiyo ni 23 × 89. Mwitaliano Pietro Cataldi wa Bologna, katika kitabu cha mwaka 1603, alitangaza kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 vyote vinatoa namba tasa. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat akaonyesha kwamba 2²³ − 1 inagawanyika kwa 47, na 2³⁷ − 1 kwa 223. Baadaye ile ya 29 nayo ikaanguka, maana inagawanyika kwa 233. Katika nne za Cataldi ikabaki moja, ya 31, na hakuna aliyejua kama imesimama kwa haki au ni kwa sababu haijapimwa sawasawa.

Mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliiweka kwenye orodha yake ya mwaka 1644, orodha iliyofanya namba za aina hii zibebe jina lake hadi leo. Orodha hiyo ilikuwa na makosa. Iliingiza vipeo viwili visivyofaa, 67 na 257, na kusahau vitatu vinavyofaa: 61, 89 na 107. Kwa hiyo kuwemo kwenye orodha ya Mersenne hakukuwa ushahidi. Namba ilisubiri uthibitisho kwa miaka mingine zaidi ya mia moja.

Uthibitisho ulitoka Saint Petersburg, Urusi, mwaka 1772. Leonhard Euler, Mswisi mzaliwa wa Basel, alikuwa na umri wa miaka 65 hivi na karibu kipofu kabisa. Jicho la kulia lilikuwa limepoteza nuru miaka mingi kabla, na la kushoto likaharibiwa na mtoto wa jicho. Aliendelea kufanya hisabati kichwani na kuwatamkia wasaidizi wake waandike. Katika barua kwa Bernoulli, mmoja wa ukoo mashuhuri wa wanahisabati wa Basel, alieleza kwamba 2³¹ − 1 ni tasa, na jinsi alivyojua.

Jinsi alivyojua ndilo jambo lenye uzuri wote, nalo linastahili kufuatwa hatua kwa hatua.

Njia ya kawaida ya kupima utasa ni kugawanya. Si lazima kujaribu kila namba. Kigawo kikiwa kikubwa, mwenzake lazima awe mdogo, kwa hiyo inatosha kufika kwenye kipeuo cha pili. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni 46,340 na kitu. Tena inatosha kujaribu namba tasa peke yake. Lakini chini ya 46,340 kuna namba tasa karibu 4,800, na kila moja ni hesabu ya kugawanya namba ya tarakimu kumi kwa mkono. Kosa moja katika maelfu hayo linabatilisha kazi nzima.

Euler alijiuliza kwanza: kama ingekuwepo namba tasa inayoigawanya hii, ingelazimika kuwa na sura gani?

Chukua namba tasa yoyote, tuseme 7, na utazame vipeo vya 2 vikigawanywa kwa hiyo: 2, 4, 8, 16, 32, 64. Mabaki yake ni 2, 4, 1, kisha tena 2, 4, 1. Yanazunguka, na mzunguko una urefu wa hatua tatu. Fermat alikuwa amegundua kwamba urefu wa mzunguko huo daima unagawanya namba tasa iliyopunguzwa moja. Hapa 3 inagawanya 6, na ndivyo inavyokuwa kwa kila namba tasa isipokuwa 2 yenyewe.

Sasa, tuseme namba tasa q inaigawanya 2³¹ − 1. Maana yake 2³¹ ikigawanywa kwa q inabakiza 1. Kwa hiyo mzunguko wa q unafunga kwenye hatua ya 31, na urefu wake lazima uigawanye 31. Lakini 31 ni tasa. Urefu ni 1 au 31, na 1 haiwezekani, kwa kuwa hapo 2 yenyewe ingebakiza 1. Ni 31 basi, na kwa kanuni ya Fermat, q − 1 inagawanyika kwa 31. Tena q ni witiri, hivyo q − 1 ni shufwa, na inagawanyika kwa 62. Kigawo chochote lazima kiwe kigawe cha 62 na moja juu yake. Msomaji anaweza kuhakikisha kwa mfano mdogo wa 2,047: vigawo vyake, 23 na 89, ni 22 + 1 na 88 + 1, na 22 ni mara mbili ya 11.

Ipo kanuni ya pili: kigawo tasa cha namba kama hii, kikigawanywa kwa 8, hubakiza 1 au 7 tu. Ukiziunganisha kanuni mbili unapata kwamba vigawo vyote vya 2³¹ − 1 vinavyowezekana vinatokana na vigawe vya 248, ambayo ni 8 × 31, vikiongezwa ama 1 ama 63. Hadi 46,340 ukizihesabu utazikuta 372, na nyingi kati ya hizo si tasa, kwa hiyo hazihitaji kujaribiwa. Zinazobaki hazifiki mia.

Upunguzaji huo ni wa ajabu. Chini ya 1,303 kuna namba tasa zaidi ya 200, lakini anayefuata njia ya Euler anajaribu moja tu, 311. Inabakiza 35. Anaruka hadi 1,303, kisha 1,489, na kuendelea hivyo. Euler alipofika mwisho hakuna hata moja iliyogawanya bila baki. 2³¹ − 1 ikawa tasa, bila shaka tena. Ikiwa na mwenzake 2³⁰, inatoa namba timilifu ya nane, 2,305,843,008,139,952,128, ndiyo ile Barlow aliyodhani haitapitwa.

Ilipitwa. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa, na hakuigawanya kwa chochote. Njia yake, iliyonyooshwa baadaye na Mmarekani Derrick Henry Lehmer, inafanyika hivi. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya jibu kwa namba unayoipima na uchukue baki. Rudia. Idadi ya kurudia ni kipeo kilichopunguzwa mbili, na mwishoni ukipata sifuri, namba ni tasa. Kwa 31, ambayo ni 2⁵ − 1, unarudia mara tatu: 4 inatoa 14, 14 inatoa 194, na baki lake ni 8, 8 inatoa 62, ambayo ni 31 mara mbili, kwa hiyo baki ni sifuri. Kwa namba ya Euler ingehitajika kurudia mara 29. Kwa njia hiyo ya Lucas na Lehmer, Raphael Robinson alitumia kompyuta moja ya awali huko Los Angeles mwaka 1952 kupata namba tano mpya za Mersenne. Mradi wa kimataifa ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996 umeendelea kuzitafuta kwa kompyuta za watu wa kujitolea, na Oktoba 2024 ulitangaza 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320.

Maisha ya pili ya 2,147,483,647 yalianzia kwa watengenezaji wa kompyuta, ambao hawakuwa wakimfikiria Euler.

Kompyuta huandika namba kwa 0 na 1 tu, na kila nafasi ya kuandikia huitwa biti. Kwa miongo mingi kipimo cha kawaida cha kuhifadhi namba nzima kimekuwa biti 32. Biti moja huonyesha kama namba ni chanya au hasi, zinabaki 31. Zikijazwa 1 zote, namba inayosomeka ni 2³¹ − 1. Ndicho kikomo. Ukiongeza moja, hakuna mahali pa kuiandika. Kaunta ya kilomita ya basi kuukuu hujaa na kurudi kwenye sifuri. Kompyuta hufanya ajabu zaidi, kwa sababu biti ya alama inageuka na jibu linakuwa hasi 2,147,483,648.

Desemba 2014 YouTube ilieleza kwamba video ya Gangnam Style, ya mwanamuziki Psy wa Korea Kusini, inakaribia kuvuka kikomo hicho cha watazamaji. Waliounda kaunta hawakuwahi kufikiri video moja ingetazamwa mara bilioni mbili. Kaunta ilihamishiwa kwenye biti 64.

Hilo lilikuwa jambo la burudani. La ndege si la burudani. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo kuhusu Boeing 787, aina ambayo Kenya Airways na Air Tanzania nazo huirusha. Majaribio yalionyesha kwamba ndege ikiachwa umeme umewaka kwa siku 248 mfululizo, kaunta ndani ya programu ya vidhibiti vya jenereta hujaa, vidhibiti vyote vinajizima kwa pamoja, na ndege inaweza kupoteza umeme hata ikiwa angani. Dawa ya haraka ilikuwa kuzima na kuwasha upya kabla ya siku hizo kutimia. Ukigawanya 2³¹ kwa idadi ya sehemu za mia za sekunde zilizomo katika siku moja, unapata siku 248 na nusu hivi. Kwamba 248 ni ileile iliyotokea katika hesabu ya Euler ni sadfa tupu, lakini ni sadfa ya kupendeza.

Kikomo hicho kinagusa fedha pia. Programu inayohifadhi kiasi kwa shilingi kamili katika biti 32 haiwezi kuandika zaidi ya shilingi bilioni 2.1, na bajeti ya halmashauri moja tu ya wilaya Tanzania huvuka hapo kwa mbali. Ikihifadhi kwa senti, inakwama kwenye shilingi 21,474,836 na senti 47, ambayo ni bei ya gari. Anayeunda mfumo wa malipo hapa kwetu akinakili mazoea ya nchi zenye sarafu ya thamani kubwa, atagonga ukuta huu mapema kuliko wao.

Tatizo kubwa zaidi ni la saa. Mifumo mingi hupima wakati kwa kuhesabu sekunde tangu usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za kimataifa. Ile ya biti 32 itafika mwisho Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Kwa Nairobi na Dar es Salaam itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata, kifaa ambacho hakijarekebishwa kitasoma Desemba 1901. Simu na kompyuta mpya kwa kawaida zimeshahamia biti 64, ambazo zinatosha kwa mabilioni ya miaka. Wasiwasi uko kwenye vifaa vilivyofichwa: mitambo ya viwandani, vidhibiti vya pampu na umeme, mashine zinazonunuliwa zikiwa zimetumika na kutegemewa kwa miaka mingine ishirini. Hivyo vinapaswa kuorodheshwa na kukaguliwa sasa, wakati muda upo.

Je, kuna uhusiano kati ya utasa wa namba hii na kuwa kwake kikomo cha kompyuta? Hakuna. Kikomo cha biti 8 ni 127, ambayo ni tasa. Cha biti 16 ni 32,767, ambayo ni 7 × 31 × 151. Cha biti 64 ni 2⁶³ − 1, inayogawanyika kwa 7. Biti 32 zilibahatika. Lakini wataalamu waliitumia bahati hiyo vizuri. Mwaka 1969 watafiti wa IBM walieleza njia ya kuzalisha namba zinazoonekana za kubahatisha: chukua namba, izidishe kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, baki lake ndilo namba inayofuata. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073. Kwa sababu namba inayogawanya ni tasa, na 16,807 imechaguliwa kwa uangalifu, mfululizo unapita kwenye kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 bila kurudia hata moja kabla ya kurudi mwanzo. Ingekuwa na vigawo, ahadi hiyo isingewezekana. Stephen Park na Keith Miller waliipendekeza njia hii mwaka 1988 kuwa kiwango cha chini ambacho njia nyingine zipimwe nacho, na bado imo katika lugha ya programu ya C++. Haifai kulinda siri, kwa kuwa inatabirika, lakini kwa majaribio ya kuigiza foleni au mwendo wa chembe imefanya kazi kubwa. Siku hizi wataalamu wa usimbaji wanairudia namba hiyohiyo, kwa kuwa katika biti ni 1 tupu thelathini na moja, na kupata baki lake kunahitaji kusogeza na kujumlisha tu.

Hivi ndivyo hukumu ya Barlow ilivyoshindwa: utasa wenyewe, ule alioona ni wa kustaajabisha tu, ndio ulioleta faida.

Limebaki swali la mwisho, na sehemu yake moja bado iko wazi. Namba 31, kipeo cha Euler, nayo ni 2⁵ − 1. Kwa hiyo 5 ilizaa 31, na 31 ikazaa 2,147,483,647. Je, ukiitumia hiyo kuwa kipeo, utapata namba tasa ya kizazi cha nne? Namba hiyo ingekuwa na tarakimu zaidi ya milioni 646. Njia ya Euler inajibu: kigawo chochote lazima kiwe kigawe cha 2 × 2,147,483,647 na moja juu yake, na 2 × 2,147,483,647 ikizidishwa kwa 68,745, kisha ukiongeza moja, inatoa 295,257,526,626,031, ambayo inaigawanya namba yote bila baki. Uzao wa 5 unaishia hapo. Uzao wa 2 haujaisha: 2 ilizaa 3, 3 ikazaa 7, 7 ikazaa 127, na 127 ikazaa namba ya Lucas yenye tarakimu 39. Inayofuata ni kubwa mno kwa njia ya Lucas na Lehmer kwenye kompyuta yoyote iliyopo, na wanaoitafutia vigawo kwa kanuni ileile ya Euler hawajapata hata kimoja.